Magunia Mawili ya Mbarika: Siku Saba Nairobi

Jumapili, jioni

Nimeshuka stendi ya Machakos Country Bus hapa Nairobi saa kumi na mbili kasoro, na magunia mawili ya kilo 30 kila moja. Makanga aliyeyatoa kwenye buti alidhani ni maharagwe. Nilipomwambia ni mbarika akaniuliza kwa huruma kabisa, "Dada, hizo si zile zinajiotea kwa jalala?"

Ndizo. Zinajiotea jalalani, kando ya reli, kwenye kingo za Mto Nairobi, nyuma ya vyoo vya shule. Wala mmea huu haukuletwa na meli: asili yake inahesabiwa kuwa pande hizi zetu, kaskazini mashariki mwa Afrika, Uhabeshi na majirani zake. Kwa Kiswahili ni mbarika, wengine husema mbono. Tanzania wengi husema nyonyo, Wakikuyu na Wameru wanauita mwariki.

Mwenye mali ni shangazi yangu wa Kibwezi. Amechuma msimu mzima, akaanika, akapepeta. Mwaka jana alimuuzia dalali mmoja aliyekuja na pikipiki, na yule bwana badala ya mzani alipimia gorogoro, kopo la bati, lililotunishwa kitako. Shangazi aliliona lile tako la gorogoro, akanyamaza kwa sababu hakukuwa na mnunuzi mwingine. Safari hii akanifungia magunia na kunituma: "Nenda Nairobi mwanangu, kaniulizie hizi mbegu huenda wapi, na huko ziendako hufanywa nini. Nikishajua nitajua cha kumjibu."

Basi nimekuja kuuliza. Nimefikia kwa binamu yangu, mtaa wa Umoja. Usiku huu nimemwaga kiganja kimoja cha mbegu mezani chini ya taa. Kila moja inang'aa kama iliyopakwa vanishi, mabaka ya kahawia na kijivu, hakuna mbili zenye mabaka sawa. Kwenye ncha ina kinundu kidogo cheupe, mfano wa kichwa. Ukiitazama vizuri ni kupe aliyeshiba damu, na ndivyo walivyoona Warumi wa kale: jina la kisayansi, Ricinus, kwa Kilatini ni kupe. Binamu yangu ana mtoto wa miaka mitatu. Nimezihesabu wakati wa kuzirudisha, zote 41.

Jumatatu

Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka. Kutwa nzima ya kukataliwa. Mmoja tu ndiye aliyenikaribisha kiti, mzee mwenye koti la kijivu. Akaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa mbegu za chini kabisa, akavunja moja kwa jino la koleo na kutazama kiini. "Kavu. Safi. Nyeupe ndani. Shangazi yako anajua kazi." Halafu akaniambia ukweli: mnunuzi wa kweli wa mbarika haulizi kilo, anauliza tani. Kontena moja la futi 20 linabeba kama tani 20 hivi. Kwa magunia ya shangazi ningehitaji zaidi ya 600 kulijaza.

"Binti," akasema, "mbegu moja ni karibu nusu mafuta. Wewe umebeba lita za mafuta ndani ya maganda, na unauza maganda."

Nimeandika maneno yale kwenye kijitabu. Kesho nitafuata mafuta.

Jumanne

Ngara, maduka ya vipodozi. Chupa ndogo za mafuta ya mbarika ya nywele zimepangwa rafu tatu, na karibu kila niliyoigeuza imeandikwa India mgongoni. Kuna pia yale meusi ya mtindo wa Jamaika, ambayo weusi wake unatokana na kukaanga mbegu kabla ya kukamua. Muuzaji alinieleza kama kitu kipya. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo: anakaanga, anatwanga, anachemsha na maji, mafuta yanapanda juu naye anayaengua kwa kata. Wakikuyu wa zamani waliyapaka ngozi za mavazi ili zilainike, na mwilini pia. Sikubishana na muuzaji, ila nilijisikia uchungu.

Njiani nilinunua chokoleti ya bei rahisi, nikasoma karatasi yake: E476. Hiyo ni dawa ya kulainisha mtiririko wa chokoleti ili kiwanda kitumie siagi ya kakao kidogo, na hutengenezwa kwa gliserini na asidi ya mafuta ya mbarika. Nimeila yote nikitembea kuelekea stejini.

Jumatano

Siku niliyoingoja. Rafiki wa binamu yangu ni mkemia katika kiwanda cha rangi Industrial Area, na alinipa saa yake ya chakula cha mchana.

Aliweka chupa mbili nyembamba za kioo mezani. Moja akatia mafuta ya alizeti, nyingine mafuta ya mbarika niliyonunua jana. Kisha akamimina spiriti kali ya maabara katika kila moja na kutikisa. Ile ya alizeti ilichafuka, halafu ikajigawa: mafuta chini, spiriti juu, mstari katikati kama umechorwa kwa rula. Ile ya mbarika ilifanya mawingu sekunde chache, ikatulia, ikawa kitu kimoja, angavu kama maji ya kunywa. Nikaomba arudie. Akarudia.

"Hapo ndipo pesa yote ilipo," akasema.

Akanichorea. Mafuta karibu yote ya mimea ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, isiyotaka urafiki na spiriti wala maji. Ya mbarika, takriban asilimia 90 ya asidi zake ni ya aina moja, risinoleiki, na hiyo katikati ya mnyororo, kwenye kaboni ya 12, ina kikundi cha ziada cha oksijeni na haidrojeni. Wakemia hukiita haidroksili. Nimekichora kijitabuni kama kulabu, kwa sababu ndivyo kinavyofanya kazi: kila anayetaka kushikiza kitu kingine kwenye mafuta haya anapata pa kushikizia. Hakuna mafuta mengine ya mimea yanayouzwa kwa wingi duniani yenye kulabu hiyo kwa kiasi hicho. Ndiyo sababu mafuta yenyewe ni mazito, yanavutika kama asali.

Kutoka hapo sikuweza kuandika haraka ya kutosha. Ukiyachoma moto pamoja na kichocheo na kuitoa kulabu kama maji, yanageuka kuwa mafuta yanayokauka, ya kutengenezea rangi na vanishi, kazi yake yeye. Ukiyasukumia haidrojeni yanaganda kuwa nta ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 85 hivi. Ukiyachanganya na asidi ya salfuriki unapata mafuta ya kutilia rangi vitambaa vya pamba, na hayo yametumika viwandani tangu karne ya 19. Yanaingia kwenye sponji za poliurethani na gundi. Yanaingia kwenye rangi ya mdomo, kwa sababu yanabeba rangi bila kuchuruzika. Ukiyapasua kwa joto kali pasipo hewa, mnyororo unakatika vipande viwili: kimoja huenda kwenye manukato, kingine kwenye dawa za fangasi za miguu, na pia kwenye nailoni. Ukiyapika na alkali unapata asidi ya sebasiki, ambayo China huitengeneza kwa wingi, nayo huzaa nailoni ya aina nyingine pamoja na vilainishi vya plastiki.

Halafu akataja dawa ya saratani, paclitaxel. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kwa miaka mingi imechanganywa na kiyeyusho kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika ndipo iingie kwenye mshipa. Kiyeyusho hicho huweza kumletea mgonjwa mzio mkali, ndiyo maana hupewa dawa za kuzuia kabla ya kuwekewa dripu. Mama yangu mdogo aliwekewa dripu hizo, na nilikaa kando yake. Sikujua kwamba ndani ya mfuko ule ulioning'inia kulikuwa na mmea wa jalalani kwetu. Nilinyamaza kidogo, naye mkemia akaniachia nafasi.

Nilipotoka nje, kwenye mtaro wa Barabara ya Likoni, mbarika imeota ina urefu unaonizidi, majani mapana kama kiganja kilichokunjuliwa, mashada mekundu yenye miiba laini. Lori limeegeshwa juu ya mizizi yake.

Alhamisi

Kirinyaga Road, ambayo kila fundi anaiita Grogan. Mkemia aliniambia, "Ukitaka kuona mbarika inavyobeba mzigo, tafuta grisi."

Fundi mmoja alikuwa amelifungua gurudumu la matatu ya abiria 33. Beringi iko juu ya gazeti, ameiosha kwa petroli, sasa anaisindilia grisi kwa kiganja: anakwangua pembeni ya beringi kwenye rundo la grisi kiganjani, tena na tena, hadi grisi inatokeza upande wa pili kati ya vigololi. Hakutumia chombo chochote. Nilimuuliza anajuaje grisi nzuri. Akachukua tone, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaachanisha taratibu. Likavutika uzi mfupi, likakatika. "Ikivutika sana ni mbaya. Ikikatika kama siagi, pia mbaya. Na ikipata moto wa breki isitiririke."

Ile isiyotiririka ina siri yake. Ile nta ya mbarika iliyosukumiwa haidrojeni ikishavunjwa hutoa asidi ambayo, ikipikwa na lithiamu, huwa sabuni ngumu. Sabuni hiyo ndiyo sifongo linaloshikilia oili ndani ya grisi mpaka joto la zaidi ya nyuzi 180. Mmarekani Clarence Earle alipata hataza ya grisi za lithiamu mwaka 1942, na leo sehemu kubwa ya grisi zote duniani ni za jamaa hiyo. Kwa hiyo matatu ile, mkokoteni wenye beringi, lori la mchanga kutoka Machakos, vyote vinazungukia kwenye mbarika kwa njia moja au nyingine. Nilimwambia fundi. Akatazama kiganja chake kwa muda. "Hii? Kutoka kwa mwariki wa shosho?"

Dukani pale pale wanauza mipira ya breki za upepo za malori, ile iliyojiviringisha kama springi. Mingi hutengenezwa kwa nailoni, na kuna aina, nailoni 11, inayotoka kwa mbarika moja kwa moja. Wafaransa waliibuni katika miaka ya 1940 na wanaendelea kuitengeneza. Jina lake la biashara ni Rilsan. Ndugu yake, nailoni 12, inatoka kwenye petroli. Mwaka 2012 kiwanda kimoja huko Marl, Ujerumani, kilichotengeneza malighafi ya nailoni 12 kililipuka, na watengenezaji wa magari duniani wakahangaika kutafuta mbadala, nailoni za mbarika zikiwa miongoni mwake. Ninayaandika haya kwa sababu shangazi huambiwa kila mwaka kwamba mbegu zake "hazina soko."

Na hadithi ya kale zaidi, aliyonisimulia mzee wa duka la oili: ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Nyingi zilikuwa na injini ambazo silinda zenyewe huzunguka, nazo zilihitaji oili isiyochanganyika na petroli, na mbarika haichanganyiki nayo kirahisi. Oili ile haikurudi kwenye tangi. Ilichomwa na kurushwa nje pamoja na moshi, usoni pa rubani. Marubani waliivuta na kuimeza, na kila aliyewahi kunyweshwa mbarika utotoni ili aharishe anaweza kumaliza hadithi mwenyewe. Jina Castrol lilianza 1909, na sehemu yake ya kwanza imetoka kwenye neno la Kiingereza la mbarika, castor, kwa sababu oili hiyo ilitiwa mafuta ya mbarika.

Nimerudi Umoja nikinuka grisi. Binamu yangu hajalalamika.

Ijumaa

Embakasi, nje ya bohari ya makontena ya bara, kwenye kibanda cha chai. Nimekaa na wakala wa forodha ambaye ni jirani ya binamu yangu. Ana simu mbili na subira kubwa.

Mambo niliyoyapata kwake: katika vitabu vya forodha vya dunia mbegu za mbarika zina namba 1207.30, na mafuta yake 1515.30. Namba ndogo tu, lakini ukiwa nayo unaweza kuuliza nchi yoyote inanunua kiasi gani. India hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mbarika ya dunia nzima, na sehemu kubwa hutoka jimbo moja, Gujarat, wilaya kama Banaskantha, Patan, Mehsana na Kutch. Mafuta hushuka bandari za Kandla na Mundra, mengi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaotandazwa ndani ya kontena la futi 20 na kujazwa kama puto. Wanunuzi wakubwa ni China, nchi za Ulaya zikiwemo Uholanzi na Ufaransa, na Marekani. Kwa wazalishaji, Brazili na Msumbiji wapo, lakini kwa mbali. Mvua ya Gujarat ikichelewa mwezi wa saba, mtu wa grisi na mtu wa nailoni upande wa pili wa dunia wanaanza kupiga simu.

Nikamuuliza kwa nini wao na si sisi, tulio na mmea mama.

Alinywa chai kwanza. "Kwa sababu wao waliupanda. Sisi tunauokota." Na kweli, Gujarat ilitoa mbegu chotara ya mbarika mwaka 1968, wakati huku ilikuwa bado uzio wa boma. Chotara inakomaa karibu kwa pamoja, inajulikana itatoa kiasi gani, na mkulima anajua kesho yake kuna kiwanda cha kununua. Kiwandani mashine hukamua mara ya kwanza, kisha mashudu yanayobaki huoshwa kwa heksani, kiyeyusho kitokanacho na petroli, ili kutoa tone la mwisho. Mafuta hupangwa kwa daraja: ya juu ni angavu, yenye asidi kidogo, unyevu kidogo. Mbegu zilizookotwa mbichi na kavu pamoja, zenye mchanga, hutoa mafuta yenye asidi nyingi, na hayo mnunuzi hukata bei au hayataki kabisa.

Mimi naona bei ya gorogoro inaanzia hapo. Mbegu ni zile zile. Dalali ananunua usichokijua: unyevu, uchafu, kiasi cha mafuta. Asiyejua mali yake hukubali kopo lolote atakalopimiwa. Shangazi hahitaji kufikia kontena mwaka huu. Anahitaji mzani, na wanawake wenzake watano wanaoanika vizuri kama yeye.

Jumamosi

Kariobangi Light Industries, asubuhi na mapema, magunia juu ya mkokoteni. Fundi wa kwanza mwenye mashine ya kukamua alikataa katakata. Anakamua alizeti ya kula, na alisema hata ningemlipa mara tatu asingeingiza mbarika ndani ya mashine ile. Alikuwa na haki na nilimshukuru. Mbegu ina sumu, risini, miongoni mwa sumu kali zaidi zitokazo kwenye mimea. Ndiyo inayoaminika kumuua Georgi Markov, mwandishi Mbulgaria aliyeipinga serikali ya kwao, jijini London mwaka 1978. Sumu hiyo ni protini, haiyeyuki ndani ya mafuta, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa na kutibiwa kwa joto ni salama, ila mashudu huibeba yote. Miaka miwili iliyopita shangazi aliwamwagia mbuzi makapi ya mbarika aliyotwanga. Wawili walikufa kabla ya siku tatu kwisha. Bado anawataja kwa majina.

Fundi wa pili hukamua kwa ajili ya sabuni pekee. Alizipasha mbegu moto kwenye karai kwanza, kisha akazimimina kwenye mdomo wa mashine. Vumbi lake lilinifumba macho na kunipigisha chafya mfululizo. Wafanyakazi wa viwanda vya mbarika hupata pumu kwa vumbi hilo, na yeye hujifunga leso puani. Kwa dakika nzima hakuna kilichotoka. Kisha mashudu yakaanza kujisokota nje kama kamba nyeusi, na chini, kutoka kwenye mianya ya silinda, mafuta yakachungulia polepole, ya rangi ya majani chai mepesi. Hayakudondoka kama mafuta mengine. Yalishuka uzi mmoja usiokatika, ukiyumba kila mashine ilipotetemeka.

Kilo 60 zimetoa lita 19 baada ya kuchuja kwa kitambaa mara mbili. Mashine ndogo huacha mafuta mengi kwenye mashudu, fundi mwenyewe alikiri. Mashudu nimeyafunga gunia mbili-mbili na kuandika SUMU kwa kalamu nene. Yatakwenda shambani kama mbolea, yazikwe chini ya migomba mbali na mbuzi.

Alasiri, Kariokor, kwa mafundi wa viatu vya ngozi. Wa kwanza alipaka tone kwenye mkanda wa sandali mpya, akaukunja mara nne, akautazama mkunjo kama umeacha mstari mweupe. Haukuacha. Amenunua lita tano, jirani yake tatu, na mama mmoja wa sabuni za mkono lita sita. Nimepiga hesabu mara mbili ili nisijidanganye: ukitoa nauli, mkokoteni na ukamuaji, shangazi anabaki na zaidi ya mara mbili ya alichopewa mwaka jana kwa mzigo kama huu, na bado kuna lita tano kwenye mtungi.

Nimemtumia kwa M-Pesa saa kumi na moja. Akapiga simu hapo hapo. Hakuuliza pesa. Aliniuliza zile kamba nyeusi nimeziweka wapi, na kama kuna mbuzi karibu. Kisha akaniuliza, sasa hizo mbegu huenda wapi, na nikaanza kumweleza: beringi, mpira wa breki, dripu ya mama mdogo. Hapo kwenye dripu alinyamaza, nikasikia jogoo wake nyuma.

"Mzani ni pesa ngapi huko?" akauliza.

Nimeupata Kamukunji kabla hawajafunga, wa kuning'iniza, wa kilo 100, wenye ndoano mbili. Niliupima kwa mtungi wa lita tano mbele ya muuzaji: karibu kilo tano kasoro kidogo, ukiwemo mtungi, kama inavyotakiwa. Uko kando ya mkoba wangu. Basi linaondoka saa moja asubuhi.